Daftari la Vipimo

Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili,
gauni la Bi Mwanakombo, mikono mirefu, ametoa nusu.
Chini yake, kwa kalamu nyekundu, nimejiandika mimi:
Jumatatu. Sindano: mara saba. Macho: mchanga.

Sina mashine ya kupima ukavu.
Nina tundu la sindano, uzi mweusi,
na mlango unaotazama vumbi la Tandika, nyuma ya soko.
Uzi ukipita mara ya kwanza, jicho limeamka.
Ukigoma, namwita Shomvi, mtoto wa muuza mkaa,
naandika na saa niliyomwita.
Wiki ya kwanza ilikuwa saa tisa alasiri.
Namlipa visheti. Ananenepa kwa macho yangu.

Wateja huuliza, "Fundi, unalia nini?"
Maana jicho likikauka ndipo linapomwaga,
kama bomba la mtaani: mchana kutwa kimya,
usiku wa manane linakohoa maji mekundu
yasiyofaa hata kupikia.
Nawajibu: nalia ukavu.
Wanacheka. Sikutania.

Sista Adventina wa zahanati
alinifunua kope kwa kidole gumba, akasema:
kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni,
feni isikupige usoni, matone haya mara nne,
"na ukishona, kopesa."
Nikamwambia, Sista, hilo ndilo lililoniua.
Nusu ya Tandika imevaa nguo zangu na haijalipa.
Alicheka mpaka akashika meza.
"Kopesa macho, mama. Hayo hurudisha."

Jumatano: mara tano.
Ijumaa: mara nne.
Jumamosi: mara nane. Niliandika "vumbi", nikafuta,
nikaandika "sikulala", nikayaacha yote mawili.
Jumapili: mara moja!
Nikapiga kigelegele peke yangu,
nikasifu kitambaa, nikasifu matone,
nikasifu hata glasi ya maji niliyokunywa bila kiu.
Kisha nikakumbuka: Luku iliisha tangu juzi,
feni imelala, na mvua imelaza vumbi.
Sasa nani aliyeniponya?
Kesi ina watuhumiwa watano,
na kila mmoja anainua mkono: ni mimi.

Kidawa, wa cherehani ya jirani, hana shaka.
Ni yale maji ya waridi aliyonipa.
Yako kabatini, kizibo hakijaguswa.
Shukrani nimempa.

Nikaanza kuwaita mmoja mmoja.
Siku nne feni usoni, mengine yote kama kawaida:
mara sita, mara saba, mara sita, Shomvi.
Siku nne feni ikatazama meza ya pasi:
mara tatu, mara tatu, mara mbili, mara tatu.
Haya. Wewe nimekufahamu.
Kitambaa bado namsikiliza, anazungumza polepole.

Katikati ya hesabu tukamzika shangazi.
Nililia machozi ya kutosha mtaa mzima,
na asubuhi uzi ukagonga tundu mara tisa.
Ukurasa ule nimeacha namba tu.

Kwenye jalada nimeandika kwa herufi kubwa
alichoniambia Sista nikitoka:
maumivu, mwanga kuchoma, ukungu usiofutika kwa kukopesa,
funga daftari, uje.

Leo wiki ya sita. Kupona sijapona;
asubuhi kope bado zinanata kama pindo lililoungua.
Ila saa kumi na mbili jioni kivuli kilisimama mlangoni,
mkono mbele.
"Mbona leo hujaniita?"
Nikatazama sindano. Uzi ulikuwa ndani,
nimeshashona bega zima la Bi Mwanakombo
bila kuuliza ni saa ngapi.

Jumanne. Sindano: mara mbili.
Shomvi: hakuitwa.
Visheti: viwili.